Punje Saba Ndani ya Bilauri

Kila Jumatano asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikorosho ya Mkunya, Sijaona alitoa kigoda nje, akaweka juu yake bilauri ya maji, akakaa kando kusikiliza barabara. Pikipiki ya Mujibu aliijua kwa kikohozi chake. Ilikuja kutoka upande wa Masasi na viroba viwili nyuma, na kila ilipofika kwenye kona ya mzee Abdulatifu ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, ikakohoa tena. Hapo Sijaona aliinuka, akajifunga kanga upya, kisha akakaa tena, asije akaonekana alikuwa anangoja.

Viroba vilikuwa vya punje za kuni, yaani maranda ya mbao yaliyoshindiliwa kwa mashine ya Mujibu mwenyewe mpaka yakawa vijiti vigumu vya urefu wa kucha. Vilikuwa chakula cha jiko la moshi. Jiko hilo lililetwa kutoka Dar es Salaam na Modest, mtoto wa mwenye nyumba: pipa jeusi lenye mfuniko, ubavuni lina sanduku la kutilia punje, na chini ya sanduku kuna chuma kilichosokotwa kama parafujo, kinazunguka polepole kwa umeme na kuzisukuma motoni chache chache. Punje zinaungua bila haraka, moshi unapita juu ya nyama, na kuku aliyeingia saa nne asubuhi anatoka alasiri, mwekundu kama udongo wa Newala, mfupa unaachia wenyewe.

Modest aliziita peleti. Watu wa Mkunya waliziangalia wakasema, mbona hiki ni chakula cha kuku cha dukani? Mzee Abdulatifu alishika kiuno kwa kucheka. "Mnalilisha jiko chakula cha kuku, halafu kuku mwenyewe mnamtia ndani! Huyo kuku amewakosea nini?"

Mwenye nyumba, Mama Modest, alikuwa mwalimu aliyekuja kutoka Bukoba akiwa kijana, akastaafu Newala, akasema kurudi ni mbali. Kuku wake wa moshi walijulikana. Jumamosi na Jumapili magari yalisimama, watu wakachukua, wakaenda. Lakini tangu mwezi wa tano mama yule alikuwa Dar kwa mwanawe akitibiwa miguu, na Sijaona, msaidizi wake wa kazi, akabaki na nyumba ya vyumba vinne, jiko la moshi, na sauti ya friji. Wateja walikuja, ndiyo. Ila mteja si mgeni. Mteja anasimama, anauliza yupi mkubwa, anatazama simu yake, anakwenda zake hata hajui umevaa nini. Yuko mtu anayeweza kukaa siku nne akisema "karibu" na "asante" tu, na siku ya tano akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe imekwaruza. Huyo alikuwa Sijaona.

Kazi ya kuchagua punje hakufundishwa na mtu. Aliitoa kwa bibi yake, Bibi Zabibu wa Kitangari, aliyemlea, na aliyekuwa hanunui wala hauzi korosho kabla ya kuzipima kwa namna yake. Konzi moja ya juu ya gunia, konzi moja ya katikati, konzi moja ya chini kabisa. Kisha zote majini. Inayoelea haina kitu. "Gunia ni kama mtu," bibi alikuwa akisema. "Mdomoni kila mmoja mzuri. Ingiza mkono mpaka tumboni." Sijaona alipomaliza darasa la saba, ndiyo ikawa shule yake ya pili, miaka tisa mkekani na bibi, mpaka bibi alipoondoka duniani, naye akaja Mkunya kwa Mama Modest.

Basi na punje alizipima hivyo hivyo. Saba: mbili za juu, mbili za kati, tatu za chini, kwa sababu chini ndiko kunakojificha vumbi. Kwanza alizivunja moja moja karibu na sikio. Nzuri inasema *tak*, kama kijiti kikavu. Iliyokunywa ukungu haisemi, inamong'onyoka tu kimya kimya, na hiyo ukiitia jikoni inaziba chuma chote. Halafu alinusa. Halafu vipande akavitumbukiza kwenye bilauri. Punje ya mbao tupu haina ukaidi: inakunywa maji, inavimba, inafunguka, na kabla hujamaliza kikombe cha chai imerudi kuwa maranda, maji yamekuwa rangi ya chai na yananukia mti. Mara moja, mwaka jana, maji yalinukia rangi ya mafuta. Mujibu alikuwa amesaga milango ya zamani. Sijaona alikikataa kiroba kile mbele ya watu, na Mujibu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mmakonde gani ananusa kama mbwa wa forodhani!"

"Myao gani anauza milango ya watu!" alijibu Sijaona. Mujibu akakipakia kiroba chake, akaenda nacho, na Jumatano iliyofuata akaleta kizuri.

Walikuwa watani. Ndivyo walivyofahamiana, msibani. Bibi Zabibu alipokufa, mwaka juzi, Mujibu alikuwa amepita Kitangari kwa shughuli zake, akasikia wafiwa ni Wamakonde. Mtani hapiti msibani kimya. Aliingia uani, akajitanda kanga ya marehemu, akakaa kwenye mkeka wa marehemu, akaanza kuchambua kokoto kama korosho. "Hii mbovu! Hii mbovu! Hii kama wajukuu zangu, haina kitu ndani!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na Sijaona, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu alfajiri, alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho ndicho kilichomponya. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anasema lisilosemeka, na ruhusa ya kumkasirikia huna.

Tangu hapo Mujibu hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa "mtani", basi. Jumatano alifika, akakaa kwenye tofali karibu na jiko, akanywa chai, na Sijaona akampa shingo ya kuku aliyoihifadhi tangu Jumapili.

"Shingo tena? Miaka miwili, shingo! Paja mnampa nani?"

"Kula. Ukizoea shingo, labda na kichwa kitakuja."

Alikula yote mpaka mfupa. Kisha akapanda pikipiki, na siku sita zikaanza.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba Mujibu alishuka bila kupiga kelele za hodi. Alifungua kiroba mwenyewe, akachota punje, akazimwaga kwenye kiganja cha Sijaona.

"Tazama zinavyong'aa."

Zilikuwa nyeusi kuliko siku zote, nyororo, nzito, kama tasbihi mpya. Hazikuwa na vumbi hata kidogo. Sijaona alivunja moja, ikalia vizuri. Akatia saba majini. Wakanywa chai. Chai ikaisha, na punje zimekaa vile vile chini ya bilauri kama kokoto.

"Unaona?" Mujibu alipiga goti kwa furaha. "Hata maji yenyewe hayaziwezi!"

Sijaona hakuwa anatazama chini ya bilauri. Alikuwa anatazama juu. Maji yalikuwa yamevaa ngozi nyembamba ya mafuta, inayogeuka rangi kila ukungu ulipoachia jua kidogo. Na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeanza kuwasha, muwasho anaoujua tangu utotoni.

"Umechanganya nini humu, mtani?"

"Maganda ya korosho. Usinikodolee macho! Ya kiwandani haya, yamekwisha kukaangwa, mafuta yametoka yote, yamebaki makavu. Wanayatupa. Na mbao nitatoa wapi? Pale Nanganga mashine ya kupasulia mbao imefungwa mwezi mzima sasa, maranda hata ya kutandikia vifaranga hakuna." Akashusha sauti, akageuza kikombe kitupu mkononi. "Nakwambia weye tu. Hizi zikikataliwa, mashine nawauzia wafuga kuku wasagie chakula, mimi nakwenda Tunduru kwa kaka yangu. Nimechoka."

Sijaona alisikia friji ikinguruma ndani ya nyumba ile ya vyumba vinne.

"Ni nzuri," alisema.

Mujibu akala shingo yake, akaenda zake anapiga mluzi.

Kesho yake, ili asijidanganye, alichinjiwa kuku mmoja na jirani, akatia jikoni konzi chache za punje zile. Moshi ulitoka mnene, wa njano, ukashuka badala ya kupanda, na macho yakamwuma vile vile yalivyokuwa yakimwuma Kitangari wakikaanga korosho kwenye bati, bibi akifoka, "Kaa upande upepo unakotoka! Moshi wa ganda hauna rafiki!" Alikula kipande kimoja cha kidari. Kufika alasiri midomo ilikuwa imevimba, inawasha kama ya mtoto aliyeng'ata korosho mbichi, na ilikaa hivyo siku mbili. Kuku akamfukia. Jiko akalisugua kwa mchanga na sabuni mpaka mikono ikachubuka. Viroba viwili akavisukuma nyuma ya jiko la kuni, akavifunika turubai.

Wateja wa Jumamosi aliwapikia kwa punje za zamani, zilizobaki nusu kiroba. Alizitia kwa kikombe, akihesabu.

Jumatano ya pili Mujibu alileta viwili vingine. "Enhe, watu wamezionaje?"

"Wamemaliza kuku wote," alisema Sijaona. Na haukuwa uongo, kuku walikwisha. Wala hakuwahi kujua kama neno la kweli linaweza kukaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyavuta maongezi siku ile. Aliongeza chai. Aliuliza habari za Nanganga, za mvua, za mama yake Mujibu. Mujibu naye alikuwa na maneno mengi, akamwiga mzee Abdulatifu anavyocheka, akakaa mpaka jua likawa utosini. Ilikuwa Jumatano ndefu kuliko zote. Alipoondoka, Sijaona alikwenda kusimama mbele ya turubai, akaona vimekuwa vinne.

Jumatano ya tatu punje za zamani zilikuwa zimebaki bakuli moja. Mujibu alifika amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mtani, leo nipe paja, sitaki mchezo! Nimepata mteja. Isabela wa Masasi, yule anayekausha samaki, anawapelekea wanafunzi na wagonjwa. Jiko kama hili hana, lakini punje anatia chini ya wavu, sawa tu. Viroba sita kila wiki, vya kwanza nimeshamshushia uani kwake jana, anawasha Jumamosi. Alikuwa anasita. Nikamwambia, nenda Mkunya kaulize kwa mtani wangu, yule hapitishi kitu kibovu, anatumia hizi hizi wiki ya tatu sasa."

Sijaona aliweka birika chini.

Alitaka kulisema kwa njia ya watani. Njia hiyo ipo, imetengenezwa na wazee kwa siku kama hiyo: unalitia neno chungu ndani ya kicheko, mwenzio analimeza, mnabaki mlivyokuwa. Akaanza.

"Wayao mwaka huu mmeamua kutumaliza."

"Mkiisha nyie nani atanipa shingo?"

"Mnatuua kwa moshi. Kuku mzima, mlaji chali."

"Ufe, tupumzike na maneno yako!" Mujibu alicheka, akangoja Sijaona acheke, ndivyo wanavyofanya, mmoja anacheka, wa pili anadaka. Sijaona alifungua mdomo. Kicheko hakikuja. Na neno la mtani likitoka bila kicheko si utani tena, ni neno tu.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bilauri aliyoifunika kwa kisahani tangu Jumatano ya kwanza. Punje saba zilikuwa zimevimba kidogo, hazijafunguka. Maji yalikuwa meusi, na ile ngozi ya mafuta imeganda ukingoni.

"Tia kidole. Usikipanguse."

Mujibu akatia. Akakitazama kidole chake.

"Nilimla kuku wake," alisema Sijaona. "Midomo ilivimba siku mbili. Maganda hayo hayajaisha mafuta, kaka Mujibu. Wanayakaanga ili yapasuke tu."

Mujibu alisugua kidole kwa gumba. Alizaliwa ndani ya korosho kama yeye, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipouliza, aliuliza jambo jingine.

"Ulimla lini?"

"Alhamisi ile ya kwanza."

"Na Jumatano ya pili, uliposema wamemaliza kuku wote?"

"Walimaliza. Kwa punje za zamani."

"Hizi ziko wapi?"

Macho yalimponyoka Sijaona kidogo tu kuelekea nyuma ya jiko la kuni. Mujibu akayafuata, akainua turubai. Viroba vinne vilikuwa vimepangwa vizuri, havijalowa, na vitatu kati yake midomoni bado vina fundo alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ya kutazama viroba.

"Kile cha milango ulinikatalia mbele ya watu. Nilikasirika?"

"Ulicheka."

"Nilikirudisha?"

"Ulikirudisha."

"Sasa hii tabia ya kunificha umeitoa wapi?"

Sijaona alishika ncha ya kanga. "Ulisema zikikataliwa unakwenda Tunduru."

Lilikuwa limetoka. Mujibu aligeuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Kitangari hapakuwa na mzaha hata chembe usoni mwake. Ilionekana kama anataka kusema kitu, tena kitu laini. Kisha akakumbuka Masasi.

"Nimeapa kwa jina lako mbele ya yule mama," alisema polepole. "Samaki wa wagonjwa. Jumamosi angewasha."

"Ndiyo maana nimesema leo."

"Leo."

Alifunga viroba vyote kwenye pikipiki, sita, vinne na viwili vya siku ile, mpaka gurudumu la nyuma likabonyea. Sijaona alimshikia kamba. Hakukataa kushikiwa, wala hakusema asante. Alipomaliza akavaa kofia.

"Napitia kwa Isabela sasa hivi," alisema. "Mtani hafichwi, Sijaona."

Pikipiki ilishuka inaguna kwa mzigo. Sijaona alibaki na jina lake. Hakujua lingemwuma hivyo kulisikia.

Chai ilipoa kwenye kikombe. Shingo ilikuwa ndani ya sahani, na paja kando yake, maana siku ile alikuwa amemwekea na paja.

Mama Modest alipiga simu Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jiko linaendaje?"

"Punje zimekwisha, mama. Nachoma kwa mkaa."

"Na yule kijana wa punje, wa Nanganga?"

"Hajapita tena."

"Haya, usikae kinyonge. Mpigie."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Hakupiga tena, kwa kuwa mara ya pili ni kuomba.

Jumatano iliyofuata alitoa kigoda, akaweka bilauri. Hakuna aliyemlazimisha, mikono ilikwenda yenyewe. Jua lilipokata ukungu kuku wa jirani akaja, akasimama kwa ncha za vidole, akanywa maji ya bilauri, akafuta mdomo kwenye kigoda. Mzee Abdulatifu alipita na jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Myao wako yuko wapi siku hizi?"

"Si wangu, babu."

"Ee," alisema mzee, akaendelea na njia. "Basi ndiyo maana hayupo."

Jumatano ya pili ilipita hivyo hivyo, bila hata kuku.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, basi la kutoka Masasi lilipiga honi mbele ya nyumba. Konda aliruka, akatua kiroba kimoja barazani.

"Nani ametuma?"

"Mtu wa pikipiki, pale stendi. Kasema mwenyewe anajua."

"Hakusema kingine?"

"Dada, mimi konda, si mshenga!" Wakacheka ndani ya basi, basi likaondoka kuelekea Newala.

Fundo lilikuwa lake. Sijaona alilifungua bila kulikata. Akaingiza mkono juu, mbili. Katikati, mbili. Chini kabisa, tatu, akakung'uta kiganja kuangalia vumbi, hapakuwa na vumbi la kutaja. Hazikung'aa sana. Zilikuwa na rangi ya damu ya mzee, rangi ya mninga, na alipovunja ya kwanza karibu na sikio ilisema *tak*. Akazitia majini, akapika chai, akakaa. Kabla kikombe hakijafika nusu ya kwanza ilikuwa imefunguka, kisha zikafuatana, zote saba, mpaka chini ya bilauri pakawa na maranda laini tu na maji yananukia fremu mpya ya dirisha.

"Myao weye," alisema, "leo umejitahidi."

Sauti ilitoka imekwaruza. Hapakuwa na wa kuidaka.

Akawasha jiko. Moshi ulitoka mwembamba, wa bluu kidogo, ukapanda moja kwa moja kama moshi wenye adabu, na kufika alasiri kuku wote walikuwa wekundu na wateja wamejaa barazani wanatazama simu zao. Sijaona aliwahudumia. Lakini kuku mmoja alikuwa amemweka kando, na wateja walipokwisha alimkata shingo, ndefu, yenye ngozi yake, akaifunga kwenye karatasi, akaifunga tena kwenye mfuko, akaitia ndani ya kiroba kitupu. Paja aliliacha kwenye sahani. Alilitazama kidogo. Akaliacha hivyo hivyo. Kisha akafunga kiroba kwa fundo lile lile la Mujibu, alilolijua kwa kulitazama miaka miwili.

Basi liliporudi, alisimama barabarani na mkono juu.

"Mpe yule wa pikipiki."

Konda alipima kiroba mkononi. "Mbona chepesi? Kuna nini?"

"Yake."

"Nimwambie nini?"

Sijaona alifikiri, basi linanguruma.

"Usimwambie kitu. Akifungua, atatukana mwenyewe."

Basi likashika njia ya Masasi. Alilisikiliza mpaka kona ya mzee Abdulatifu, halafu likawa kama upepo kwenye mikorosho, halafu hata upepo haukuwepo. Alirudi uani, akamwaga yale maranda kwenye shina la mchaichai, akaosha bilauri, akaipindua juu ya kigoda ikauke.

Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatano bado ilikuwa mbali.